Vittorio Sella: Mpigapicha aliyeipeleka barafu ya Ikweta mbele ya macho ya dunia

MTU akisimama kwenye ukingo wa Manga, pale Kisii inapopakana na Nyamira, siku ambayo anga limetakata, huliona Ziwa Victoria likimetameta kwa mbali. Mapema mwezi wa Mei 1906, meli iliyong'oa nanga Kisumu, mji ambao wakati huo ulijulikana pia kama Port Florence, iliyakata maji hayo ikielekea Entebbe. Ndani yake mlikuwa na Waitaliano kadhaa, mahema, kamba, mashoka ya kuchongea barafu na masanduku ya kamera.

Mwenye kamera hizo alikuwa Vittorio Sella, mwanamume wa miaka 46, mwana wa mwenye kiwanda cha nguo za sufu kutoka mji wa Biella kaskazini mwa Italia. Alikuwa amekwisha kujijengea jina kuwa mpigapicha hodari kuliko wote wa milima yenye theluji. Safari yake hii ilikuwa na lengo moja kubwa: kuipiga picha barafu ambayo wataalamu wengi wa Ulaya walikuwa wakibishana juu yake bila kuiona.

Wakazi wa nyanda za juu za Gusii hawakuwa na sababu ya kumjua mtu huyo wala kuitambua meli yake. Mwaka mmoja kabla, yaani 1905, askari wa Mwingereza walikuwa wamewashambulia kwa bunduki na kuondoka na mifugo yao. Kituo cha serikali hapo Kisii kilifunguliwa 1907, na 1908 Otenyo akamchoma mkuki afisa wa wilaya, Geoffrey Northcote, jambo lililoleta maafa mengine makubwa zaidi. Katika miaka hiyo ya damu, watu walikuwa na mambo mazito kuliko kutazama meli za wageni.

Hata hivyo, Mgusii ni mmoja wa watu wachache wa Afrika Mashariki wasiohitaji kuelezwa barafu ni kitu gani. Ukanda wa nyanda za juu unaoanza Kisii na Nyamira, ukapitia Kericho hadi Nandi, ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa sana na mvua ya mawe. Mkulima wa majani chai wa Nyansiongo au Kebirigo anajua uchungu wa kuamka na kulikuta shamba limechanwachanwa, na watoto wanajua utamu wa kuokota punje hizo baridi kabla hazijayeyuka mkononi.

Lakini barafu ya mvua ya mawe haimalizi siku. Ile isiyoyeyuka, inayojilimbikiza mwaka baada ya mwaka hadi ikawa mto mgumu unaoteremka mlimani polepole, ni kitu kingine. Hiyo ndiyo iliyompa Sella kazi ya maisha yake yote.

NENO LISILOSADIKIWA

Ili kuelewa kwa nini picha zilikuwa na uzito mkubwa hivyo, ni vyema kurudi nyuma hadi 1848. Mnamo Mei mwaka huo, mmishonari Johannes Rebmann, aliyekuwa akiishi Rabai karibu na Mombasa, aliuona mlima wa Kilimanjaro na kofia yake nyeupe. Mwaka uliofuata mwenzake, Ludwig Krapf, aliuona Mlima Kenya akiwa Ukambani. Wote wawili waliandika kwamba kule juu kuna theluji.

Mjini London habari hizo zilipokewa kwa dhihaka. Mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hilo, alishikilia kwamba haiwezekani theluji ikakaa karibu na Ikweta na kwamba wamishonari walidanganywa na macho yao. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka 10. Rebmann hakuwa na ushahidi wowote isipokuwa neno lake, na neno la mtu mmoja aliye mbali ni jepesi.

Si ajabu kwamba Wachaga waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo hawakuulizwa.

Milima ya Rwenzori, iliyoko mpakani mwa Uganda na Kongo, ilikawia hata zaidi kujulikana na wageni. Tangu zama za Ptolemy, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, ilisemwa kwamba chanzo cha Mto Nile ni Milima ya Mwezi. Henry Morton Stanley alitangaza kuiona Rwenzori mnamo 1888, lakini ukungu huifunika milima hiyo kwa sehemu kubwa ya mwaka, hata wasafiri kadhaa walipita jirani nayo wasijue kama ipo. Kwa wakazi wake, Wakonzo, hapakuwa na fumbo lolote. Walijua kwamba kule juu kwenye theluji ndiko aliko Kitasamba, mungu wao, na mtu hakupanda huko ovyo.

MWANA WA MWENYE KIWANDA

Vittorio Sella alizaliwa Agosti 28, 1859. Bahati ilimkalia mapema, maana alizaliwa katika nyumba iliyokuwa na mambo mawili yatakayoyaongoza maisha yake: milima na picha.

Baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alikuwa mfanyabiashara wa sufu aliyependa kemia. Mnamo 1856 alichapisha kitabu cha mafunzo ya upigaji picha ambacho kinahesabiwa kuwa cha kwanza kamili kwa lugha ya Kiitaliano. Ami yake, Quintino Sella, alikuwa waziri wa fedha wa Italia na ndiye aliyeanzisha Chama cha Wapanda Milima cha Italia mnamo 1863. Kijana huyo alifiwa na babaye mnamo 1876, akiwa na miaka 17 au chini kidogo, lakini vitabu na dawa za kusafishia picha vilibaki nyumbani.

Akiwa na miaka 20, mnamo 1879, alipanda mlima wa Mars ulio karibu na kwao kupiga picha yake ya kwanza ya mandhari yote ya pembeni. Kazi hiyo haikuwa kama ya leo ambapo mtu huinua simu na kubonyeza. Kioo kilipaswa kupakwa dawa palepale mlimani ndani ya hema la giza, kiingizwe kwenye kamera kingali kimelowa, kisha kisafishwe kabla dawa haijakauka. Kosa dogo tu na safari nzima ilikwenda bure.

Baadaye vilikuja vioo vikavu vilivyotayarishwa mapema, na mambo yakawa afadhali kidogo. Sella alichagua kamera kubwa iliyotumia vioo vya sentimita 30 kwa 40. Kamera yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 18 hivi, na kila kioo kilikaribia kilo moja. Mtu anayetaka kupiga picha 20 kileleni alipaswa kwanza kutafuta migongo ya kuibeba shehena ya mfuko mzima wa saruji.

Kwa nini ajitese hivyo, ilhali kamera ndogo zilikuwapo? Jibu liko kwenye picha zenyewe. Wakati ule picha ilichapwa kwa kulalia moja kwa moja juu ya karatasi, hivyo ukubwa wa kioo ndio ulikuwa ukubwa wa picha. Kioo kikubwa kilinasa kila ufa wa barafu, kila jiwe lililobebwa na mto wa barafu, kila kivuli. Mtaalamu wa miamba aliweza kuketi Turin au London na kuusoma mlima ambao hajawahi kuuona, kama mtu anavyosoma ramani.

Hapo ndipo sanaa na sayansi zilipokutana katika mikono ya Sella. Alisubiri mwanga wa asubuhi au wa alasiri kwa sababu ulipendeza, lakini mwanga huohuo wa ubavuni ndio unaoonyesha mabonde na matuta ya barafu. Picha nzuri na picha yenye maarifa zilikuwa kitu kimoja.

Alikuwa pia mpandaji wa kutajika kwa haki yake mwenyewe. Machi 17, 1882, pamoja na viongozi wa milimani wa ukoo wa Carrel, alifika kilele cha Matterhorn wakati wa baridi kali, jambo lisilopata kufanywa na mtu kabla yake. Miaka miwili baadaye aliufanyia Monte Rosa vivyo hivyo. Kati ya 1889 na 1896 alisafiri mara tatu hadi milima ya Kaukazi, na mnamo 1890 Shirika la Kifalme la Jiografia la London likamtunukia tuzo ya Murchison kwa picha alizorudi nazo kutoka huko.

MWANAMFALME ALIYEPOTEZA VIDOLE

Jina la Sella haliwezi kutajwa bila la mtu mwingine: Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, mjukuu wa mfalme wa kwanza wa Italia. Mwanamfalme huyo alizaliwa mnamo 1873 mjini Madrid wakati babaye alipokuwa mfalme wa Uhispania, ufalme ambao babaye aliuacha majuma machache tu baada ya mtoto kuzaliwa. Bila kiti cha kukalia, kijana huyo aliamua kutafuta heshima baharini na milimani.

Mnamo 1897 alimchukua Sella hadi Alaska kuukabili mlima wa Saint Elias, wenye urefu wa mita 5,489, uliozungukwa na mito ya barafu mikubwa kuliko baadhi ya wilaya zetu. Walifika kileleni Julai 31, wa kwanza katika historia. Sella alikuwa kati yao, na kamera yake pia.

Miaka miwili baadaye Duke aligeukia Ncha ya Kaskazini. Meli yake, Stella Polare, iliganda kwenye ghuba ya Teplitz katika visiwa vya Franz Josef, na wasafiri wakalazimika kukaa huko majira yote ya baridi. Duke mwenyewe aliumwa na baridi kiasi cha kukatwa vipande vya vidole viwili, kwa hiyo akamkabidhi Kapteni Umberto Cagni uongozi wa safari ya magari ya mbwa. Aprili 25, 1900, Cagni alifika nyuzi 86 na dakika 34 kaskazini, mbali kuliko mtu yeyote aliyejulikana hadi wakati huo. Watu watatu wa msafara huo hawakurudi.

Sella hakwenda Aktiki. Mwaka huo wa 1899 alikuwa upande mwingine wa dunia, akiuzunguka mlima wa Kangchenjunga katika Himalaya pamoja na Mwingereza Douglas Freshfield. Lakini mafunzo ya Aktiki yalimfikia kupitia kwa wenzake, na watu walewale waliotoka kwenye barafu ya ncha ndio aliofuatana nao hadi Uganda. Daktari wa msafara wa 1906, Achille Cavalli Molinelli, alikuwa ndiye daktari wa Stella Polare. Cagni naye alikuwapo. Watu walionusurika kwenye bahari iliyoganda sasa walikuwa wakiteremka kwenye gari moshi Kisumu, penye joto la kutoa jasho na mbu wa kutosha.

KUNGOJA UKUNGU UPITE

Kutoka Entebbe, msafara uliondoka katikati ya Mei ukiwa na wapagazi wapatao 300. Walitembea hadi Fort Portal, kisha wakaingia bonde la Mobuku. Chini ya milima wapagazi wengi kutoka tambarare waliachwa, na mizigo ikachukuliwa na Wakonzo, waliokuwa wenyeji wa baridi hiyo.

Ni haki kusema wazi jambo ambalo vitabu vya wakati huo hulipitia haraka. Majina ya viongozi wa Kiitaliano yanajulikana yote: Joseph Petigax na mwanawe Laurent, César Ollier, Joseph Brocherel. Vilele na njia vimepewa majina ya wafalme, malkia na wasafiri wa Ulaya. Wakonzo waliopanda pekupeku kwenye tope na mawe yenye utelezi, wakiwa na masanduku ya kamera vichwani, wamebaki kuwa Wakonzo tu. Bila migongo yao hakuna picha hata moja ambayo ingepigwa.

Kambi kuu iliwekwa Bujongolo, chini ya mwamba uliojitokeza kama kibaraza, kwenye mwinuko wa mita 3,800 hivi. Kila kitu kilikuwa kimelowa. Miti ilivaa kuvu za kijani nene kama blanketi, na mimea ambayo kwingine huwa ya kimo cha magoti, huko ilikuwa mirefu kuliko mtu. Sella aliipiga picha misitu hiyo pia, na picha hizo za lobelia na sinesio kubwa zinatisha na kuvutia kwa pamoja.

Juni 18, 1906, Duke na viongozi wake walifika kwenye vilele viwili vya juu kabisa. Kile kirefu zaidi, chenye mita 5,109, alikiita Margherita, jina la malkia wa Italia. Cha pili akakiita Alexandra, jina la malkia wa Uingereza, kwa kuwa nchi ilikuwa chini ya Mwingereza na mgeni mwenye busara hujua kumpa mwenyeji wake chake. Majuma yaliyofuata walivipanda vilele vingine vikubwa vyote na kuchora ramani ya kwanza ya kutegemewa ya safu nzima.

Kwa mpigapicha, kufika kileleni ulikuwa mwanzo tu wa kazi. Duke aliweza kupanda kwenye ukungu, akapima mwinuko, akateremka na kuhesabu ushindi. Sella alihitaji anga lifunguke. Freshfield, mwenzake wa Himalaya, alikuwa ameshindwa na hali ya hewa ya Rwenzori mwishoni mwa 1905 na kurudi mikono mitupu. Sella na msaidizi wake, Erminio Botta, walirudi mara kwa mara mahali palepale, wakasimika kamera na kukaa kwenye baridi wakisubiri dakika chache ambazo pazia lingefunuliwa. Mvumilivu hula mbivu, lakini mbivu za Rwenzori ni chache na huiva alfajiri, kabla mawingu hayajapanda kutoka bondeni.

Alichokipata kiliutosha ulimwengu. Mandhari pana zilizounganishwa kutoka kwa picha kadhaa zilionyesha Stanley, Speke na Baker zikiwa zimevikwa barafu nzito iliyoning'inia kama tope jeupe lililoganda likimwagika. Mwanzoni mwa 1907 Duke alizungumza mbele ya wasomi mjini Roma na London, na picha za Sella zikaonyeshwa kwa taa. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu kikubwa kuhusu safari hiyo, kilichoandikwa na daktari Filippo De Filippi, ambaye mwenyewe hakuwa kwenye msafara. Aliandika kutokana na shajara za wenzake, na bila shaka kutokana na kuzitazama picha hizo kwa muda mrefu.

Safari hii hakuzuka Cooley mwingine wa kubisha.

WENGINE WALIOFUATA NJIA HIYO

Miaka michache baadaye desturi ya kumchukua msanii kwenye safari za barafu iliota mizizi. Kapteni Robert Scott alipokwenda Ncha ya Kusini mnamo 1910, alimchukua mpigapicha Herbert Ponting, na pia Edward Wilson, daktari na mtaalamu wa wanyama aliyekuwa mchoraji stadi. Baridi ya huko haikuruhusu rangi za maji, kwa hiyo Wilson alichora kwa penseli na kuandika majina ya rangi pembeni, kisha akapaka akirudi kibandani. Alifariki hemani pamoja na Scott mnamo 1912.

Frank Hurley, mpigapicha wa Ernest Shackleton, alipiga mbizi kwenye maji ya barafu mnamo 1915 kuokoa vioo vyake katika meli ya Endurance iliyokuwa ikizama. Kisha aliketi na kiongozi wake kuchagua 120 hivi, na wengine wapatao 400 wakavunjwavunjwa palepale ili asije akashawishika kuwarudia. Ndivyo ilivyokuwa thamani ya picha, na ndivyo ilivyokuwa uzito wake.

Kuna sanaa nyingine ya nchi za barafu ambayo watu wa Tabaka, huko Kisii, wangeitambua mara moja. Wainuit wa Aktiki ya Kanada huchonga sili, dubu weupe na wawindaji kutokana na jiwe la sabuni, jamaa ya jiwe lilelile ambalo mafundi wa Tabaka hulichimba na kulifanya vinyago vya viboko, sahani na sanamu za familia zilizokumbatiana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 vinyago vya Wainuit vimewafikishia watu wa miji ya mbali habari za maisha kwenye barafu, zikisimuliwa na wenyeji wenyewe. Hilo Sella, pamoja na ustadi wake wote, hakuweza kulifanya, kwani popote alipokwenda alikuwa mgeni.

SAFARI YA MWISHO YA KAMERA

Mnamo 1909 Duke alimwita tena, safari hii kwenda K2 katika safu ya Karakoram, mlima wa pili kwa urefu duniani. Sella alikuwa na miaka 49, akatimiza 50 safari ikimalizika. Hawakuufikia ukingo wa juu wa mlima, na waliishia kwenye mita 6,000 na ushei, katika tuta ambalo hadi leo linaitwa Abruzzi. Kwingineko, kwenye mlima wa Chogolisa, Duke alikaribia mita 7,500, rekodi ya dunia kwa wakati huo.

Picha za K2 zilikuwa kilele cha kazi ya Sella. Waliokwenda kuupanda mlima huo miongo iliyofuata walizichunguza kama wanajeshi wanavyochunguza ngome. Waitaliano walipoushinda hatimaye mnamo 1954, walipitia tuta lilelile la Abruzzi.

Baada ya hapo aliweka kamera chini, kwa safari kubwa angalau. Alishughulikia mali ya ukoo na kuchapa upya picha zake kwa uangalifu wa fundi wa dhahabu. Milima haikumtoka moyoni. Mnamo 1935, akiwa na miaka 76, alijaribu kuupanda tena Matterhorn, na pengine angefaulu kama mmoja wa viongozi hakuumia na kuwalazimu kurudi.

Rafiki yake Duke alikuwa amemtangulia. Alikuwa amehamia Somalia, akaanzisha mashamba makubwa kandokando ya Mto Shabelle, mahali panapoitwa Jowhar leo, na huko ndiko alikofia na kuzikwa mnamo 1933. Mashamba hayo nayo yana simulizi yake, na Wasomali waliofanya kazi humo wana la kusema, lakini hilo ni la siku nyingine.

Sella alifariki mjini kwao Biella Agosti 12, 1943, zikiwa zimebaki siku 16 atimize miaka 84. Ilikuwa katikati ya vita, na utawala wa Mussolini ulikuwa umeanguka majuma mawili na nusu kabla. Kwa sadfa, mapema mwaka huohuo Waitaliano watatu wafungwa wa vita walitoroka kambini Nanyuki, si kwa kukimbilia kwao bali kuupanda Mlima Kenya. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alisimulia baadaye kwamba walijielekeza kwa kutumia, pamoja na mengine, picha ya mlima iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Walisimika bendera yao Lenana, wakarudi kambini na kuadhibiwa.

PICHA ZILIZOGEUKA KUWA USHAHIDI

Baada ya kifo chake, Ansel Adams wa Marekani, ambaye wengi humhesabu kuwa bingwa wa picha za mandhari, aliandika makala ya kumsifu mnamo 1946, akieleza heshima aliyoipata mbele ya usafi wa kazi ya Mwitaliano huyo. Hifadhi yake ilibaki Biella chini ya wakfu wa ukoo wa Sella.

Kwa miaka mingi picha hizo zilitazamwa kama kumbukumbu za ushujaa. Kisha wanasayansi wakaanza kuzitafuta kwa sababu ambayo Sella hangeiwaza. Walitaka kujua barafu ilikuwa nyingi kiasi gani zamani, na hakuna mashine inayoweza kurudi 1906 kupima. Vioo vya Sella vilikuwa vimepima tayari.

Kuanzia 2009, mpigapicha Mwitaliano Fabiano Ventura alirudi kwenye Karakoram, kisha Kaukazi mnamo 2011 na Alaska mnamo 2013, akasimama kwenye sehemu zilezile walizosimama Sella na wenzake wa zama hizo, na kupiga picha zilezile. Mmarekani David Breashears alifanya vivyo hivyo Himalaya. Picha mbili zikiwekwa pamoja, ya kale na ya sasa, hata asiyejua kusoma huona kilichotoweka.

Hali ya Rwenzori ndiyo mbaya zaidi. Wakati wa safari ya 1906, mito ya barafu 43 ilikuwa imeenea juu ya milima sita, ikifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba. Kufikia 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba, kwa mujibu wa utafiti uliochapishwa 2006. Vipimo vya 2024 vilikuta Speke na Baker zimebakiwa na mabaki tu, na Stanley peke yake ndio ulioshikilia barafu ya kutajika, nayo ikiendelea kupungua kwa kasi. Mlima Kenya hauna nafuu: mto wa barafu wa Lewis ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010.

Wakonzo wanalitazama jambo hilo kwa namna yao. Kwa wazee wao, kuondoka kwa theluji ni kuondoka kwa makao ya Kitasamba, na hakuna kipimo cha kilomita za mraba kinachoweza kulieleza hilo.

Maji ya Rwenzori huteremka hadi Mto Semliki na kuingia Ziwa Albert. Maji ya Gucha na Sondu, pamoja na mvua ya mawe iliyoyeyuka katika mashamba ya Nyamira, huingia Ziwa Victoria, yakatokea Jinja, yakapitia Kyoga na kufika katika Ziwa Albert lilelile, kabla ya kuendelea pamoja kuelekea Sudan na Misri.

Duke aliyagawia majina milima ya Rwenzori kwa ukarimu, na Shirika la Jiografia la London likaamua kwamba mmoja wao uitwe kwa jina lake mwenyewe, Luigi di Savoia. Miongoni mwa vilele vyake kimo kiitwacho Sella, chenye urefu wa mita zaidi ya 4,600. Mlima huo ulikuwa kati ya ile ya kwanza kupoteza barafu yake yote, na katika kilele cha Sella leo kuna mwamba mweusi, kuvu na mawe.